Saini ya Mwenye Eda

Hamda binti Zahran hajapata kula thumni ya mtu. Hilo niacheni nilitangulize, maana haya yatakayofuata yatakufanyeni mumdhanie mwizi, na mwizi hakuwa. Miaka kumi na moja alikuwa mratibu wa miradi ya jamii ya chuo kimoja hapa mjini, na fedha zote za wafadhili zilizopita mkononi mwake zina karatasi zake. Hata dafu akinunua njiani alidai stakabadhi. Muuza madafu humcheka, "Bi Hamda, nikuandikie kwenye kumbi la dafu?" Hasan, dereva wa chuo, ndiye aliyempachika jina la Bi Stakabadhi, na mwenyewe akilipenda ingawa akijifanya kununa.

Mradi wenyewe ulikuwa wa wakulima wa mwani, wanawake arubaini wa kijiji kimoja cha kaskazini, ukishaipita Mkokotoni kabla hujafika Nungwi. Maji ya pwani siku hizi yamekuwa ya moto, mwani unaozea kwenye kamba, basi wanawake wakawa wanazipeleka kamba zao kwenye kina, maji ya kifua, maji ya shingo, na wengi wao hawajui kuogelea. Mwaka uliopita bahari ilimchukua Riyama, mama wa watoto watano, mchana kweupe, wenzake wanamtazama. Chuo kikaomba ruzuku, mfadhili wa ng'ambo akakubali kutoa kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ni mafunzo ya siku sita katika ukumbi wa hoteli moja ya Nungwi. Awamu ya pili ni boti ya faiba na majaketi ya kuelea arubaini. Ya pili haitoki mpaka ya kwanza ikaguliwe ionekane safi.

Ikakaguliwa. Haikuonekana safi.

Barua ilifika siku ya Jumatatu asubuhi. Mkaguzi, mtu ambaye hajapata kukanyaga Unguja, kasoma ripoti ukurasa kwa ukurasa, na katika karatasi za mahudhurio kaona jina la Rahila Duni, kasaini siku zote sita, kachukua posho ya siku zote sita. Lakini ukurasa wa tisa wa ripoti ile ile unasema Rahila Duni kafiwa na mumewe wiki tatu kabla ya mafunzo, na anakaa eda, na wanakikundi wenzake wanamtunza. Mkaguzi akatafuta maana ya eda. Akaambiwa ni miezi minne na siku kumi, mjane hatoki nyumbani ila kwa dharura. Basi akauliza swali moja tu: nani aliyesaini?

Na ukurasa wa tisa kauandika nani? Hamda mwenyewe, tena kauandika kwa mapenzi. Alikwenda kijijini kutoa mkono wa taazia, akaona wanawake wale wanavyomzunguka mwenzao, mmoja analeta maji, mmoja anaosha nguo, moyo ukamlainika, akarudi ofisini akaandika. Lo! Wema wake ndio uliowachongea.

Badar, mhasibu wa mradi, aliisoma barua mara mbili kisha akavua miwani. Alikuwa mtu mpole, mtu wa msikitini, wala si mtu mbaya, msije mkamtia ubaya.

"Wanataka moja katika mawili," alisema. "Ama tukiri kuwa saini zimeghushiwa, mkataba uvunjwe, na boti hakuna. Ama huyo Rahila aandike kwa mkono wake kuwa alihudhuria, yaishe."

"Badar, mtu alikuwa na eda."

"Nnajua."

"Mwenye eda atoke nyumbani siku sita aende semina hotelini? Unajua unalolisema?"

"Karatasi tu, Hamda. Itaingia kwenye faili, faili litaingia kabatini, na kabati lile mchwa wameshaanza kulila. Nani atakayeisoma?"

Hamda alikasirika. Akatoka, akaubamiza mlango, akashuka ngazi za nyumba kongwe ya ofisi yao mbili mbili, akaizunguka Mlandege nzima bila ya kununua hata sindano. Alikuwa anamtukana Badar moyoni, lakini kila akimtukana anamwona Riyama. Upepo wa kusi unakaribia, bado mwezi mmoja, na bahari ya kusi haina mchezo. Laki tisa hazifiki, laki moja haifiki, ni elfu tisini tu za posho, na kwa elfu tisini wanawake arubaini warudi kwenye maji ya shingo mikono mitupu. Baada ya alasiri alirudi ofisini na kumwambia Badar aandike maneno ya karatasi hiyo, yeye ataichukua.

Asubuhi yake Hasan akampeleka kijijini. Wa kwanza kumwendea alikuwa Bi Sichana, mwenyekiti wa kikundi, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bahari.

"Shikamoo, Bi Sichana."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja umekunja uso, boti imezama kabla haijaja?"

"Nani aliyemtilia Rahila saini kwenye mafunzo?"

"Sote," alisema Bi Sichana, wala hakupepesa. "Kwa zamu. Siku ya kwanza mie."

"Na pesa?"

"Kaletewa mwenyewe, hadi mlangoni, haikukatwa hata shilingi. Kwani kuna ubaya gani? Mwenye eda fungu lake hufikishwa mlangoni, ndivyo tulivyokuta na ndivyo tutakavyoacha. Samaki wakigawiwa pwani, fungu lake linatengwa. Mwani ukiuzwa, chake kinatengwa. Mmekuja nyie na posho yenu, tufanyeje, tule sie yeye atutazame?"

"Mngeniambia, Bi Sichana."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali. Taratibu haziruhusu."

"Ndo' maana hatukukwambia."

Hamda alitaka kucheka na alitaka kulia. Akamsomea ile barua, akimfasiria neno kwa neno. Bi Sichana alisikiliza mpaka mwisho, na ule ujasiri ukamtoka taratibu. Akavuta upindo wa kanga akajifuta uso.

"Basi andika mie ndo' mwizi," alisema. "Nipeleke polisi leo hii, nna nguvu zangu, ntakaa huko. Boti ije."

"Haisaidii. Ukiwa mwizi wewe, mradi ushakufa."

"Sasa inasaidia nini?"

Hamda akamwonesha ile karatasi ya Badar. Bi Sichana hakujua kusoma vizuri ila hesabu, basi akasomewa. Alipofahamu, akasema, "Hilo mie siwezi kumwambia. Kamwambie wewe," akainuka kwenda kukoroga chungu ambacho hakikuwa na haja ya kukorogwa.

Nyumba ya Rahila ilikuwa ya tofali, bati jipya, dirisha moja halijatiwa kioo. Mumewe, Nadir, aliijenga kwa miaka saba kwa mshahara wa ufundi wa mabomba katika mahoteli, na akafa kwa pikipiki kwenye kona ya Mahonda hajalimaliza dirisha hilo. Ukumbini alikaa mama yake Nadir, Bi Ummkulthum, anachagua mchele kwenye uteo. Akapokea salamu, akamwonesha Hamda chumba kwa kidevu.

Rahila alikuwa kaketi juu ya mkeka. Hana wanja, hana hina, hana udi, kanga iliyopauka, na uso wa mtoto wa skuli ingawa mwaka huu ametimiza miaka ishirini na saba. Hamda alizungukazunguka na maneno, akauliza afya, akauliza usingizi, hadi Rahila mwenyewe akamwambia, "Bi Hamda, sema tu. Mtu haji kutoka mjini siku ya kazi kuniuliza usingizi."

Akasema. Akaitandika karatasi mkekani. Maneno yake yalikuwa machache: *Mimi Rahila Duni nathibitisha kuwa nilitoka nyumbani kwangu na kuhudhuria mafunzo yote ya siku sita katika hoteli.* Chini pana mstari.

Rahila aliisoma, maana alifika hadi kidato cha nne, akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna jengine, akairejesha.

"Nna mimba," alisema. "Miezi minne. Nadir kafa keshajua, alikuwa kashaanza kupanga majina. Sasa eda yangu si ya miezi minne na siku kumi tena, ni mpaka nijifungue." Akateremsha sauti. "Nahodha, shemegi yangu, toka alipojua nna mimba haniangalii usoni. Nikizaa mwana wa kiume, nyumba hii yeye hana chake. Sasa nikitia saini yangu kuwa nilitoka ndani ya eda, siku sita, hotelini, wanaume wamejaa... Bi Hamda, karatasi hii akiiona Nahodha, mwanangu hana baba."

Mtu mwengine angelikunja karatasi yake akaondoka, na Hamda nusura aondoke. Alishaushika ule waraka. Lakini hakuutia mkobani, akabaki nao mkononi, na Rahila akamwona.

"Wasipoipata, boti haiji?"

"Haiji."

 Rahila akasema kwamba siku ile ya Riyama yeye ndiye aliyekuwa karibu naye. Wimbi lilipowapiga alimkamata kanga, akaivuta kwa nguvu zake zote, na kanga ikaja. Kanga tupu. "Nlikuwa nikiifikiria mie, usiku na mchana, hata kabla ya Nadir kufa," alisema. "Kama angekuwa na kitu cha kumwelesha, robo saa tu."

"Karatasi hii itakaa kwenye faili, mjini," Hamda alisema, akajisikia anasema kwa sauti ya Badar. "Wallahi, Rahila, haitalala katika kijiji hiki hata siku moja."

"Umekula yamini, Bi Hamda."

"Nimekula."

Rahila akaomba kalamu. Alitia saini kwa hati nzuri ya skuli, herufi zote zinasomeka.

Karatasi ikapelekwa kwa mfadhili siku ile ile. Baada ya siku tisa ikarudi. Hawakuikataa, la, walisema wameridhika, ila imekosa uthibitisho wa serikali ya mtaa, kwa hiyo igongwe muhuri wa sheha irejeshwe kabla ya saa kumi alasiri ya Alkhamisi, vyenginevyo fedha za awamu ya pili zitapangiwa nchi nyengine. Badar aliiweka barua hiyo mezani kwa Hamda. Ilikuwa Alkhamisi, saa tatu asubuhi.

"Sheha atagonga tu," Badar alisema. "Masheha wanagonga karatasi mia kwa siku. Hasomi mtu."

Kumbe yule wa kijiji kile alikuwa anasoma. Alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa kanzu safi, na ana utaratibu wake: hagongi muhuri mpaka aisome karatasi kwa sauti, na ikiwa karatasi ni ya mjane, basi humwita msimamizi wake aje aisikie na yeye. Miaka ishirini kaufuata utaratibu huo na watu wanamsifu kwao, maana wajane wengi kawaokoa na matapeli wa viwanja. Hamda alipomfikia ofisini kwake mchana, mzee akavaa miwani, akaisoma ile karatasi ya Rahila kimya kwanza. Akamtazama Hamda juu ya miwani.

"Huyu si mke wa marehemu Nadir?"

"Ndiye, mwalimu."

"Basi ngoja nimwite Nahodha. Yuko dukani kwake, anauza vipuri vya mashine za boti hapo chini. Robo saa kashafika."

Hapo, jamani, hapo ndipo. Robo saa nzima Hamda alikaa kwenye benchi la ofisi ya sheha. Karatasi iko mezani, mkono wake na karatasi havikupishana hata dhiraa. Angeweza kusema kasahau kitu garini. Angeweza kuichukua tu, akaenda zake, na sheha asingemfukuza mbio. Alitazama saa ya ukutani, saa saba na dakika hamsini, akahesabu mwendo wa kurudi mjini, muda wa kuipiga picha na kuituma. Akawahesabu wanawake arubaini. Akajiambia Nahodha huenda asiseme kitu, kwani na yeye ni mtu, marehemu ni ndugu yake. Akajiambia mengi, na hakuinuka.

Nahodha akaja, mwanamme wa miaka arubaini, mikono ina mafuta ya mashine, akatoa salamu kwa adabu. Sheha akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye neno hoteli, Nahodha aliinua uso. Hakughadhibika hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Hamda. Aliomba aisome mwenyewe, akaisoma, akauliza kama saini ni ya Rahila, sheha akailinganisha na iliyomo kwenye daftari lake, akasema ndiyo.

Nahodha akamgeukia Hamda.

"Bi mkubwa, wewe ndiye msimamizi wa mafunzo hayo?"

"Ndiye."

"Ulikuwepo siku zote sita?"

"Nilikuwepo."

"Basi niambie mbele ya sheha, maana hii aibu ya nyumba yetu na sitaki kumdhulumu mtu. Shemegi yangu ulimwona hotelini, kwa macho yako?"

Akisema hapana, karatasi ni ya uongo, na sheha hawezi kugonga muhuri juu ya uongo aliousikia kwa masikio yake. Sheha naye alikuwa kanyanyua muhuri, kausimamisha hewani, anangoja. Nje Hasan alipiga honi kidogo kumkumbusha saa.

"Ndiyo," alisema Hamda. "Nilimwona."

Muhuri ukagongwa. Nahodha akaomba nakala, na sheha, kwa kuwa ni haki ya msimamizi, akampa.

Fedha zikaingia baada ya wiki mbili. Boti ikanunuliwa, majaketi arubaini yakanunuliwa, rangi ya chungwa, kila moja na namba yake, na Hamda akayakagua moja moja na kudai stakabadhi zote. Siku ya kukabidhi zilipigwa picha nyingi. Kusi likaja, likavuma kama linavyovuma, na bahari haikumchukua mtu. Hilo nalo lisemwe. Watoto wa wanawake wale wana mama zao mpaka hivi leo.

Na Rahila? Rahila alitolewa nyumbani siku ya tatu baada ya muhuri, ndani ya eda, na tumbo lake, na ndoo mbili za nguo. Mjane ndani ya eda hatolewi nyumbani kwa mumewe, hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo, lakini Nahodha alisema eda ipi, mwenyewe kaandika kaivunja. Akawaonesha wanaume barazani ile nakala, na muhuri wake. Ulimi hauna mfupa. Mara siku sita zikawa sita na usiku wake, mara hoteli ikatajwa na chumba. Waliokuwa wakieneza hawakuhesabu miezi, kwa sababu kuhesabu kungewaharibia hadithi.

Bi Sichana alikwenda kwa Nahodha, akapiga kelele barazani pake hadi watu wakajaa: saini ni zetu, tulimtilia sie, Rahila hakutoka! Nahodha akamwachia amalize, akamwambia, "Sawa, bi. Twende kwa sheha ukaseme hivyo hivyo, iandikwe, na chuo kijuilishwe, boti na majaketi yarudi kwa wenyewe." Bi Sichana akawatazama wenzake waliokuwa nyuma yake. Hakuna aliyemsukuma mbele, na hakuna aliyemvuta nyuma. Akarudi nyumbani kwake.

Tangu siku hiyo kila mwani ukiuzwa walimtengea Rahila fungu lake, na mtu akatumwa kumpelekea Mwanakwerekwe, alikokwenda kukaa kwa shangazi yake. Kila mara Rahila alilirejesha, halijafunguliwa.

Hamda alikwenda kumwona mara moja tu, baada ya kusikia kajifungua. Alimkuta katika chumba cha uani, mtoto wa kiume wa siku ishirini kalala kwenye kanga. Shangazi mtu alitoa kiti na kuondoka bila ya kukaribisha. Hamda alikuwa na bahasha mkobani, akaona aibu kuitoa.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Na nimeulizia. Kwa kadhi kesi hii huna wasiwasi. Sharia iko wazi, mtoto ni wa Nadir, nyumba ni yake. Nitakutafutia wakili."

"Kadhi atanipa karatasi," alisema Rahila. "Nshachoka na karatasi, Bi Hamda. Hata mwanangu akiipata nyumba, ataishi humo na nani? Ataingia msikiti gani, wamwite mtoto wa nani?"

Mtoto akalia, akampakata akamtia ziwa. Hakumtukana Hamda. Hamda alikuwa kajitayarisha kwa matusi, na yasipokuja akawa hajui akae vipi kwenye kiti.

"Nna moja nakutaka," Rahila alisema. "Sitaki nyumba. Nenda kwa Bi Ummkulthum, umwambie kwa mdomo wako kuwa ulisema uongo. Yeye peke yake. Ana miaka sabini na kitu, huyu ndiye mjukuu wake pekee kwa Nadir. Bibi yake tu amjue. Akija akamshika mara moja, watu wakamwona kamshika, inatosha."

"Nitakwenda," Hamda alisema, na kesho yake akaenda.

Nyumba ya Nadir ilikuwa imeshatiwa kioo kile kilichobaki, na mlangoni pana viatu vya watoto wa Nahodha. Nahodha hakuwepo. Bi Ummkulthum alikuwa kajilaza kwenye kitanda cha kamba ukumbini, miguu imevimba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe wa chuo."

"Ndiye mie." Hamda akapiga magoti chini, asingeweza kuyasema hayo amekaa juu. "Bibi, nimekuja kukwambia jambo moja. Siku ile kwa sheha nilisema uongo. Sikumwona Rahila hotelini. Hakutoka humu ndani hata siku moja. Mtoto ni wa Nadir."

"Nnajua," alisema bibi.

Hamda alidhani hakusikia vizuri. "Umejua vipi?"

"Nimejua vipi! Wee mtoto, eda yake nimemkalisha mie. Nlikuwa nnalala nae chumba kimoja, akiamka kulia naamka nae. Hiyo posho yenu ikiletwa mlangoni naipokea mie kwa mkono huu, elfu kumi na tano, siku sita. Hata ningekuwa kipofu ningelijua."

"Na Nahodha?"

"Nlimwambia siku ile ile aliyorudi na karatasi. Nkamwambia, mwanangu, usidhulumu, Rahila hakutoka. Akanambia, 'Mama, kesho unataka kula kwa nani?'" Bibi alivuta pumzi. Machozi yalikuwa yanamtoka pembeni mwa macho, yakiingia masikioni, na hakuyafuta. "Nadir kafa. Alobaki ni huyu. Nna sukari, sindano zangu ananunua yeye. Mjukuu wangu sijamwona, na ntakufa sijamwona, na Mungu ataniuliza, na sina la kumjibu. Lakini mie mwanangu namjua, toka mdogo ni mwoga. Maneno yake peke yake asingethubutu kuyatoa barazani, watu wangemcheka. Alikuwa anahitaji mtu wa maana amsemee."

Akageuza kichwa juu ya mto, akamtazama Hamda usoni.

"Mie nlinyamazishwa na tumbo langu. Wewe una kazi, una gari, una kwenu. Wewe nani aliyekushika ulimi?"

Hamda alitaka kusema boti. Alitaka kusema wanawake arubaini, kusi limepita na hakufa mtu, Riyama, watoto watano. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililotoka. Akainuka pale chini.

"Nakwenda kwa sheha," alisema mwisho. "Sasa hivi, bibi. Nitaifuta kauli yangu, liwalo na liwe."

"Nenda," alisema Bi Ummkulthum. "Nenda upesi."

Alitoka, akaingia garini, akafunga mlango. Ofisi ya sheha haikuwa mbali, nyumba saba au nane mbele, upande wa kulia, bendera juu. Mlango ulikuwa wazi na mzee mwenyewe alionekana ndani, kanzu nyeupe, anamsomea mtu karatasi. Upande wa pili, pwani, boti ilikuwa ndiyo kwanza inarudi, na wanawake wanateremka mmoja mmoja na majaketi yao ya rangi ya chungwa, wamebeba mwani vichwani. Bi Sichana alilitambua gari la chuo. Hakupunga mkono, alisimama tu na maji hadi magotini, analitazama.

Hasan alipunguza mwendo.

"Nisimame kwa sheha, Bi Hamda?"

Hamda alikuwa kaushika mkoba wake kwa mikono miwili. Walifika usawa wa mlango. Mzee akainua kichwa kutoka kwenye karatasi, akageukia mlio wa gari.

"Twende mjini," alisema Hamda.